Marehemu Yuko Hewani

Siku mwenye nyumba alipotangaza kwamba chumba cha mbele kitakuwa saluni ya kinyozi, na mpangaji ahame kabla ya Ijumaa, Profesa, mpangaji mwenyewe, hakufungasha hata sufuria. Aliona mwanya. Mtaa mzima ulijua mwenye nyumba anahangaika kutafuta hati ya nyumba iliyofichwa na marehemu baba yake. Na Profesa, ambaye uprofesa alijitunuku mwenyewe mbele ya kioo, alikuwa na mpwa wa kike, fundi wa kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya PHP, anayelala jikoni kwake.

"Mjomba, chumba ulichoniahidi nitakipata lini?" mpwa alimuuliza kila wiki.

"Fanya kama programu yako. Tuma ombi, endelea na kazi. Jibu litakuja lenyewe."

Alhamisi mwenye nyumba aliketishwa mbele ya kompyuta ya Profesa, ati aongee na marehemu baba yake.

"Tovuti za kawaida," Profesa alisema kwa sauti ya kusomea wosia, "unabisha hodi, unajibiwa, mlango unafungwa. Hii ni WebSocket. Mlango unabaki wazi, kila upande unasema unapotaka. Na haitufanyi tusubiri. Swali likienda, sisi tunakunywa chai."

"Mpaka ahera?"

"Siku hizi mtandao uko kila mahali."

Mwenye nyumba akaandika: Baba, hati iko wapi? Wakanywa chai. Jikoni, mpwa akashika simu yake na kuwa marehemu, kama alivyopatana na mjomba wake. Jibu likatokea kwenye kompyuta:

"Profesa ataipata. Mwache akae bure, mwanangu Kidomo."

Hilo la Kidomo hawakupatana. Mwenye nyumba alikuwa tayari analia; jina hilo la utotoni walilijua marehemu na mama yake tu, bibi ambaye mpwa humsuka nywele kila Jumapili na kusikia mengi, hata yale anayomficha mwanawe.

Ukaja ujumbe mwingine, bila kuulizwa: "Nimebadili nia. Profesa ni tapeli, atoke leo, kompyuta aiache. Chumba mpe binti wa jikoni. Hati iko ndani ya godoro la mama yako."

Profesa akazima intaneti. Mwenye nyumba akaiwasha. Programu ikajiunganisha yenyewe, ndivyo mpwa alivyoiandika.

"Bado nipo," marehemu akasema.

Profesa akimkana marehemu, amejishtaki mwenyewe. Saa kumi hati ilikuwa mkononi mwa mwenye nyumba, na Profesa alikuwa mlangoni na godoro lake kichwani.

"Wewe mtoto, sasa mimi nitalala wapi?"

"Tuma ombi, Mjomba," mpwa akamwambia, akipokea funguo za chumba. "Halafu endelea na safari."