Kipa wa Akiba na Pembe ya Babu Eliufoo

Jumatatu, 2 Juni

Baridi. Ukungu umekalia uwanja tangu asubuhi na benchi limelowa. Nalijua benchi hilo kuliko mtu yeyote hapa chuoni. Msimu mzima nimeketi hapo, mimi na ndoo ya machungwa ya mapumziko.

Tangawizi Queens, timu ya wasichana ya chuo chetu cha kilimo hapa Mamba, tumeingia nusu fainali ya ligi ya vyuo. Haijawahi kutokea. Watu wanacheka peke yao njiani. Mimi sicheki. Kipa ni Naisenya, binti wa wafugaji wa bondeni, ana mikono mirefu na hakosi mechi. Mimi, Dorkas, ni kipa wa akiba. Akiba yenyewe haijaguswa.

Shida ni Mama. Mwezi Machi nilimtumia picha, nimesimama golini na glovu za Naisenya, mwenyewe alikuwa amekwenda kunywa maji. Sikusema chochote, picha ndiyo iliyosema. Mama akaionyesha kwaya nzima ya usharika wake kule Same mjini. Leo kapiga simu: tukifika fainali, kwaya inakodi Coaster kupanda mlimani kunitazama. Nikasema karibuni sana. Ningesema nini?

Kwa hiyo siku ya fainali lazima nisimame golini. Dakika tano zinanitosha. Nisiposimama, Mama ataumbuka mbele ya Mama Sifael wa sauti ya kwanza, ambaye binti yake ni nesi na hatuachi kuambiwa.

Jumatano, 4 Juni

Mpango wa kwanza! Watu wa bondeni wamezoea chai ya maziwa. Tangawizi yetu ya Mamba ni habari nyingine. Nilitwanga mbichi, nyingi, nikachemsha mpaka maji yakawa mazito, nikampelekea Naisenya kikombe kikubwa. Nilitaka tumbo limsokote kidogo tu, azoee kupumzika. Mimi si mtu mbaya.

Akanywa yote. Jasho likamtoka. Akaomba kingine! Kumbe mafua yalikuwa yanamsumbua wiki nzima na hakumwambia mtu. Sasa yamekwisha. Jioni mazoezini hakupitwa na mpira hata mmoja. Rogathe, nahodha wetu, alipiga mashuti mpaka akakaa chini.

Mwalimu Loth, kocha, akauliza dawa ni nini. Naisenya akanitaja. Nimesifiwa mbele ya timu kwa moyo wa kujitolea, na nimeteuliwa kuwachemshia wote chai hiyo kila alfajiri. Kuni sijakata. Siku mbaya.

Jumamosi, 7 Juni

Nusu fainali, Mwanga. Jua, vumbi, upepo wa kuparua macho. Niliomba tufungwe. Niliomba kimyakimya, macho wazi, nisije nikaonekana. Tukifungwa hakuna fainali, hakuna Coaster, hakuna Mama Sifael.

Sare mpaka mwisho. Penalti. Naisenya akadaka mbili. Alipoidaka ya pili nilijikuta katikati ya uwanja, nimening'inia shingoni mwake, nalia na kupiga kelele kuliko wote. Ndipo nikakumbuka. Nikaendelea kulia, kwa sababu nyingine.

Jumapili, 8 Juni

Mama kapiga simu baada ya ibada. Safari imetangazwa kanisani, katikati ya matangazo ya ndoa. Kwaya imeshona kitenge cha kijani. Mama Sifael amesema lazima akae siti ya mbele asije akakosa kitu.

Fainali ni Jumamosi ijayo, kwenye uwanja wetu wenyewe, dhidi ya wasichana wa chuo cha kule Ndungu. Hao wamekulia kwenye majaruba ya mpunga. Mtu aliyezoea kukimbia ndani ya tope, ukimpa uwanja mkavu hashikiki.

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa pili. Nilimwambia Naisenya kwamba kijana wa bodaboda ametoka bondeni na habari mbaya: ng'ombe wake Namelok hajaonekana. Nilijua ataomba ruhusa ashuke nyumbani, na ng'ombe wa kule hatafutwi kwa siku moja. Uso wake ulibadilika, nikamhurumia. Lakini nilijikaza.

Hakushuka. Alipiga simu! Kaka yake, Simon, akaenda zizini. Namelok yupo, amelala, anacheua. Ila katika kuangalia huko Simon akagundua kuwa ndama wawili hawapo kweli. Wakawafuata mbio, wakawakuta wanakaribia mpaka wa hifadhi. Wangevuka, ukoo mzima ungekuwa matatani.

Sasa mimi ni mtu mwema kwa familia ile. Simon amesema wanakuja wote siku ya fainali kunishukuru, na mbuzi. Naisenya amenikumbatia mbele ya bweni zima. Mbavu bado zinauma.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nilijaribu njia iliyonyooka. Haikunipendeza lakini siku zimekwisha. Nilimwendea Mwalimu Loth nikamwomba dakika tano za fainali. Alifikiri, akakuna kidevu, akasema tukiongoza kwa mabao matatu ataniingiza mwishoni, kama shukrani ya chai.

Mabao matatu! Dhidi ya Ndungu!

Wale wasichana hawatishiki kwa mpira. Lazima watishwe kwa kitu kingine. Kelele. Ngoma ya chuo imepasuka. Nikawaza, nikawaza, nikaikumbuka pembe.

Babu Eliufoo, babu yangu upande wa baba, anakaa juu kidogo ya uwanja na ndiye mpuliza pembe ya msaragambo. Pembe hiyo ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake kwenda kazi ya kijiji: barabara, mfereji, au ndiva, bwawa letu la kumwagilia tangawizi. Asiyetokea anaadhibiwa. Lakini msaragambo huitwa Jumatatu. Fainali ni Jumamosi. Mtu mwenye akili zake akisikia pembe Jumamosi atajua ni mpira.

Babu amekwenda Gonja kutazamwa jicho, atarudi siku hiyo ya fainali. Mkewe, Bibi Ndaskoi, nilimkuta jikoni. Shikamoo, marahaba, nikamweleza kuwa chuoni kuna maonyesho ya mila. Akaitungua pembe juu ya mlango, akaipangusa kwa kanga, akanionya nisiipulize nje. Niliitikia vizuri sana.

Jumamosi, 14 Juni

Mgongo unawaka moto. Nguo zote tope. Naandika hivyo hivyo.

Coaster ilifika mapema. Kijani kitupu! Mama mbele, Mama Sifael kando yake na mwavuli. Niliwapungia nikiwa na glovu mikononi, kisha nikaenda kuketi benchi. Mama akanifanyia ishara: vipi? Nikamrudishia ishara kwamba ni mbinu. Upande wa pili walikaa ndugu zake Naisenya na mashuka yao, na mbuzi wangu wamemfunga kwenye kibendera cha kona. Refa akaagiza aondolewe.

Tulifunga moja kipindi cha kwanza, na jingine baada ya mapumziko. Kisha basi. Ndungu wakaziba kila mahali. Muda unakwenda, bao la tatu haliji, Mama ananitazama mimi badala ya kutazama mpira. Nikaitoa pembe chini ya benchi.

Sikujua kama ningeiweza. Niliiweza. Mara tatu mfululizo, ndefu, mlima wote ukaitikia. Mabeki wa Ndungu waligeuka kutazama, Rogathe akapita katikati yao, akafunga. Tatu bila!

Kwaya nzima ilisimama. Nilidhani wanashangilia. Mama, ambaye amezaliwa kijiji hiki hiki, alikuwa ameinama anaangaza macho chini ya viti. Sasa najua alikuwa anatafuta jembe.

Mwalimu Loth ni mtu wa neno lake. Naisenya akatoka, akanipa mkono, nikaingia. Vigelegele vya Mama vilichelewa kidogo lakini vilikuja. Nilisimama katikati ya goli, kifua mbele. Jamani, nilifurahi! Kwa dakika moja sikuwa na hila yoyote kichwani.

Ndipo watu wakaanza kushuka mlimani. Kwanza wanaume wawili na sururu, mbio. Nyuma yao akina mama na majembe na makarai. Nyuma yao kijiji kizima, na mzee Nathanaeli, mwenyekiti, na sepeto begani. Njia ya mkato ya kwenda ndiva inapita uwanjani, nao wakaipita, mpira ukiendelea. Kumbe mlio mmoja ndio kazi ya kawaida. Mitatu mfululizo ni ndiva imebomoka na maji yanakuja, na hapo hakuna cha Jumatatu wala Jumamosi. Jambo hilo kila mtu analijua isipokuwa sisi tuliokulia Same mjini.

Refa alipuliza kipenga mpaka akachoka. Wenye mbio walifika ndiva wakaikuta nzima, imetulia, bata wanaogelea. Wakarudi. Walirudi polepole kuliko walivyokwenda. Wakajipanga pembeni mwa uwanja, majembe mabegani, wakauliza nani kapuliza. Timu yangu yote ikageuka kutazama goli.

Mzee Nathanaeli alisema kwa upole kwamba mpira umalizwe kwanza. Upole ule ndio ulionimaliza. Nikawa natazama majembe badala ya mpira. Ndungu wakafunga. Wakafunga tena. Tatu kwa mbili, na dakika ya mwisho kabisa wakapata mpira wa adhabu, karibu, katikati.

Wakati huo huo bodaboda ikasimama nyuma ya benchi. Babu Eliufoo akashuka, jicho moja limefungwa bandeji. Akaiona pembe yake. Kisha akaniona mimi. Jicho moja lilimtosha. Niligeuka haraka nijifiche nyuma ya nguzo ya goli, na kabla sijafika kitu kikanigonga mgongoni kama mlango wa lori. Nikaanguka kifudifudi. Nilipoinua kichwa mpira ulikuwa umepaa juu ya goli, kipenga kinalia, na Rogathe amenirukia mgongoni anapiga mayowe.

Mabingwa! Tangawizi Queens, mabingwa wa vyuo!

Mwalimu Loth anamwambia kila mtu kuwa niliusoma mpira. Mama alimweleza Mama Sifael kwamba makipa wa siku hizi ndivyo wanavyofundishwa.

Sherehe haikuwa ndefu. Mzee Nathanaeli alisema watu wametoka na majembe, hawawezi kurudi na majembe safi. Tukaenda wote kuzibua mfereji wa ndiva: sisi na medali shingoni, wasichana wa Ndungu, kwaya na vitenge vimepandishwa magotini. Refa pia. Mama Sifael alipewa karai. Babu hakunisemesha kabisa. Alimwambia Bibi tu, nikisikia, kwamba aliyewaita watu atawalisha. Makande, kesho, kijiji kizima.

Jumapili, 15 Juni

Masufuria ya kuazima kanisani. Moshi. Mahindi yasiyoiva. Mbuzi wangu wa shukrani ameingia sufuriani, nilimwona kwa siku moja tu.

Mchana Naisenya akaja bila kuitwa, akaninyang'anya mwiko. Akakoroga, kisha akauliza.

"Dereva gani wa bodaboda anayemjua ng'ombe wangu kwa jina?"

Nikasema moshi unaniumiza macho.

"Na ile chai yako ya kwanza, hata ng'ombe asingeinywa." Alikuwa anacheka. Halafu akaacha kucheka. "Dorkas, bega linaniuma tangu Machi. Ungeniomba tu, ningekuachia fainali nzima."

Niliona aibu, aibu ya kweli, ikanipanda mpaka masikioni. Msimu wote yule anaumwa na kuficha, mimi niko jikoni natwanga. Naye hakununa. Alinisaidia kupakua mpaka mtu wa mwisho, kisha akanipa habari: mwezi ujao tunakwenda Moshi kwenye mashindano ya kanda, na ameshamwambia Mwalimu Loth kwamba goli ni langu.

Babu alikuja kula. Alimaliza sahani, akasema chumvi imepungua. Nadhani nimesamehewa.

Jumatatu, 16 Juni

Siwezi kuinama. Mgongo una alama ya mpira, Rogathe anadai hata mishono inaonekana. Mwalimu Loth anasema huko kwenye kanda wasichana wanapiga mara mbili ya wale wa Ndungu. Alisema hivyo ili kunitia moyo.

Mama kapiga simu. Kwaya inakodi Coaster mbili kwenda Moshi. Mama Sifael amejiandikisha wa kwanza.

Sasa ninachotaka ni kidogo tu: golini asimame Naisenya, na Mama adhani ni mimi. Yangekwisha kwa kumwomba Naisenya na kumwambia Mama ukweli. Ushauri wa Naisenya ni mzuri, nimeufikiria kutoka chai mpaka chakula cha mchana. Nitautumia siku nyingine.

Bega la Naisenya ni la kukandwa tu. Tangawizi nimeshatwanga. Nimeazima kofia ya Rogathe, ile pana ya kushukia machoni. Naisenya akiivaa, na jezi ya mikono mirefu, kwa mbali nani atamtambua? Naisenya amenizidi urefu kichwa kizima. Hilo si tatizo. Nitamwambia Mama nimekua.