Ukuta wa Baba Mkwe Unakataa Skrubu Zangu

Baba Mkwe Mheshimiwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, isipokuwa kidole gumba changu cha kushoto.

Nakuandikia kwa heshima na taadhima kuhusu ukuta wa mawe uliotujengea nyuma ya nyumba, ule wenye dirisha la jikoni, tulipooana, kabla hujastaafu uashi. Kama ujuavyo, marehemu Mama Mkwe alituachia mche mmoja tu wa mmea wake utambaao. Mwanao, mke wangu, ameupanda chini ya ukuta huo, na kila asubuhi huchungulia dirisha hilo la jikoni kuona kama umelifikia. Nilimwahidi, mbele ya kaka zake, kwamba nitaufungia nyaya za kupandia. Kuahidi kulikuwa rahisi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mawe yako hayafanani. Moja limetokeza kama goti, la pili limejificha nyuma yake. Waya niliounyoosha kwa kamba na pima maji, ukifika ukutani unapinda.

2. Jiwe ni gumu kupita kiasi. Nimevunja ncha tatu za keekee ya umeme ya kutobolea, moja ikiwa ya seremala jirani, ambaye siku hizi haitikii salamu zangu.

3. Niliposhindwa na jiwe nilihamia kwenye chokaa iliyo kati ya mawe. Hiyo nayo ni laini mno. Skrubu iliingia bila ubishi ikatoka bila kuaga, na mimi niliyekuwa nimeushika waya nikaifuata hadi chini.

4. Siku ya kwanza mwanao alisimama mlangoni akasema jambo refu huku keekee ikinguruma. Nikaitikia kwa kichwa, kama mume mwema. Tangu hapo ananitazama tu na kutabasamu. Huo ni uonevu.

Kwa hiyo naomba uje na mwiko wako uupige lipu ukuta wote, uwe laini kama sahani. Ikishindikana, ubomolewe. Tutatangulia kufunga nyaya, kisha utajenga ukuta wa kuzifuata.

Najua kuuliza si ujinga. Lakini niliyeoa binti wa mwashi, nikiuliza namna ya kutoboa ukuta, nitabaki na nini?

Wasalimie shemeji zangu wote, hasa waliocheka siku ile ya ahadi.

Mkweo mtiifu na mwenye bandeji,
Mume wa binti yako wa pili

Tanbihi: Barua hii imelala mezani wiki kadhaa nikitafuta ujasiri wa kuituma. Wakati huohuo mmea umezipita nyaya zangu bila kuzigusa. Umeshika mawe kwa vijimizizi vyake, hasa yale yaliyotokeza. Nyaya tumeanikia soksi. Keekee ikiwa imezimwa, nimeambiwa upya yale maneno ya mlangoni: Mama hakuwahi kuufunga mmea huo hata uzi, na ndiye aliyekukataza kupiga lipu, akisema siku moja ataleta mche. Leo asubuhi jani la kwanza limeingia dirishani. Mwanao alilishika akalia. Mimi nilisingizia kidole. Njoo, Baba, ila mwiko uuache nyumbani.