Shindano la Kulala, Tawi la Ruiru

Jumatatu, 3 Machi

Usiku wa tisa bila usingizi. Saa mbili nikafungua duka. Saa tatu nilikuwa nimeshamwambia mteja kwamba godoro hili nalilalia mwenyewe na sijui asubuhi hufika vipi. Akanunua. Huu ni mwaka wa saba nauza magodoro Thika. Hali yangu ikijulikana, nimekwisha.

Leo Mzee Vallabhdas, mwenye duka, ametangaza kuwa tawi la Ruiru linafunguliwa Jumamosi. Meneja atakuwa mimi au Gachau, muuzaji mwenzangu. Tutalazwa kwenye dirisha la mbele, godoro kwa godoro, saa nane mchana, spika zikinguruma nje. Atakayelala fofofo mbele ya umati ndiye meneja. Mzee anasema watu wa Ruiru huamini wanachokiona.

Gachau! Mtu anayelala amesimama kwenye foleni ya benki! Aliniuliza, huku akipiga miayo, kama nimeshaandika barua ya kumpongeza ama nataka anisaidie.

Meneja anapewa kiti kinachozunguka. Nakitaka kiti hicho.

Jumanne, 4 Machi

Kliniki. Nilimwambia Daktari Rachael namuulizia rafiki asiyepata usingizi. Akasema basi rafiki avue miwani ya jua. Kisha akaandika masharti. Kuamka saa ileile kila siku. Hakuna chai wala kahawa baada ya chakula cha mchana. Kitanda ni cha kulala tu. Simu ilale nje ya chumba. Hakuna kulala mchana.

Nikamwomba alifute hilo la mwisho, shindano ni mchana. Akakataa. Akasema nafuu itaonekana baada ya wiki kadhaa. Nikasema nina siku nne. Akasema rafiki yangu ana shida nyingine zaidi ya usingizi.

Nimeyasoma kwa makini. Sharti la chai lina mwanya: halitaji chakula cha mchana ni saa ngapi. Nimekula cha mchana saa tatu usiku. Kabla yake, vikombe sita, vyote halali.

Nina chumba kimoja tu, kwa hiyo simu nimempa jirani yangu Mukonyo aende kulala nayo.

Usingizi: dakika kumi na moja.

Jumatano, 5 Machi

Mukonyo amepokea simu zangu zote! Mzee alipiga alfajiri kuulizia ufunguo wa stoo. Mukonyo akamwambia aongee polepole, maana Zaka wa watu hajalala siku kumi, anazunguka ploti yetu ya vyumba usiku kama soja asiyelipwa. Nilipomlalamikia akasema, weh Zaka, si ulitaka simu ilale? Imelala vizuri kabisa. Ni wewe umebaki.

Mzee akaniita. Nikamwambia huyo ni Zaka mwingine, wa chumba cha tano. Akanitazama macho. Akasema nimpelekee pole Zaka wa chumba cha tano, anaonekana vibaya sana.

Usiku nilitimiza sharti la kitanda. Ni cha kulala tu, nami silali, kwa hiyo sina haki ya kukipanda. Nilikaa juu ya ndoo mpaka asubuhi.

Usingizi: sifuri.

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu mpya. Kama mimi silali, Gachau naye asilale. Nimemletea thermos ya kahawa iliyochemshwa saa nzima, nzito kama oili chafu. Nikasema ni ya amani. Alikunywa vikombe vinne, akaniita ndugu yake, akalala juu ya kaunta.

Iliyobaki nimeinywa mimi, isiharibike.

Jumamosi, 8 Machi

Ruiru. Watu sitini na watatu. Niliwahesabu, nilikuwa na wakati.

Gachau alilala kabla ya kuvua kiatu cha pili. Mimi nikaanza kukoroma kwa ufundi. Mama mmoja mwenye kikapu cha kiondo akapaza sauti kwamba huyu wa kushoto ni muongo, anatuchungulia na jicho moja. Nikalifumba na hilo. Akasema sasa anatabasamu.

Saa tisa Mzee aligonga kioo amtangaze Gachau meneja. Haamki. Akatikiswa. Haamki. Akamwagiwa maji. Akageukia upande mkavu. Lakini kule nje walioona amegeuka ni wachache, na mama wa kiondo akapiga kelele: Ngai, wamemuua! Akaapa kwamba godoro hilo hata akipewa bure hatalilalia. Kufikia saa tisa na robo, mteja hata mmoja hakuwepo.

Gachau aliamka saa kumi, akauliza kama ameshinda. Mzee amemrudisha Thika bila kumjibu. Umeneja amepewa Mehak, mpwa wake Mzee.

Lakini Ruiru nimepata! Usoja wa usiku, kulinda duka. Mzee amesema alihitaji mtu aliyethibitishwa kuwa halali, na watu sitini na watatu ni mashahidi. Kiti kinachozunguka kimo mle ndani. Usiku kitakuwa changu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeingia zamu. Nimezunguka kwenye kiti mara nne. Saa mbili na dakika hamsini nimejilaza kidogo kwenye godoro la inchi nane, nilikague kwa niaba ya wateja.

Jumanne, 11 Machi

Nimeamka saa kumi na moja na dakika hamsini. Nimelala saa tisa mfululizo! Bila daktari!

Jambo la kuandika: nililala juu ya godoro, nimeamka kwenye saruji. Nimefunikwa nailoni vizuri, viatu vyangu vimepangwa kando. Duka ni tupu. Magodoro arobaini, spika, kiti, vyote vimekwenda. Mlango umesindikwa, nadhani kwa ajili ya baridi.

Yaani walinibeba! Watu wasiopungua wawili waliniinua, wakanilaza chini, na sikugeuka hata mara moja. Gachau alitikiswa na kumwagiwa maji tu. Gachau hajawahi kubebwa.

Nimemwandikia Mzee barua kabla hajafika. Nadai matokeo ya Jumamosi yafutwe.

Tatizo ni mashahidi: walioniona nimelala ni walionibeba tu. Polisi wamefika, wanasema watawasaka wezi na kuwafunga. Nimewasihi wafanye haraka, lakini kabla ya kuwafunga waniletee sahihi zao, wawili wanatosha.