Mikono ya Wavinya

Jumatatu, 2 Juni

Ukuta! Nimepata ukuta! Bwana Shamir, mwenyekiti wa timu yetu ya wanawake hapa Kangemi, anataka nichore kwenye ukuta wa uwanja ile penalti aliyoidaka kipa Wavinya siku ya fainali. Uzinduzi Jumapili, baada ya kanisa. Mama atakuja. Amesema akipendezwa, nibaki na burashi zangu. Asipopendezwa, kesho yake naanza kazi kwa Mjomba Muasya, buchari ya Uthiru. Mimi, niliyezaliwa kwa mambo mawili tu, mpira na rangi!

Tatizo dogo. Sijui kuchora mikono. Siri hiyo anaijua Kalekye peke yake, mchoraji mwenzangu, jirani, mdomo mrefu. Ndiye aliyegundua kwamba winga niliyemchora pale kwa kinyozi anakimbia mikono mfukoni. Bukta za mpira hazina mifuko, akasema. Mchawi.

Jumanne, 3 Juni

Dawa nimeipata. Mpira mkubwa! Umeficha mikono yote miwili, hadi viwiko. Bwana Shamir akapita, akauliza kwa upole kwa nini Wavinya amekumbatia tangi la maji.

Nimefuta.

Jumatano, 4 Juni

Nimemfuata Wavinya sokoni, anakouza viazi. Nikamuuliza kama ana hakika aliuzuia mpira kwa mikono. Hakikuwa kifua? Paji la uso? Akaweka kiazi chini polepole. Akasema uwanja mzima uliiona mikono yake, na kuna kidole hakikunjiki hadi leo. Nimenunua viazi kilo mbili nisivyovihitaji.

Njiani Kalekye akaniuliza mikono inaendeleaje. Niende kwake kesho asubuhi anifundishe, bure, ni kazi ya masaa mawili. Nikamwambia nina shughuli. Anafikiri mimi mjinga? Atatangaza mtaa mzima.

Alhamisi, 5 Juni

Akili ni mali! Kipa huvaa glavu, na glavu haihitaji kuchorwa, inafuatishwa tu! Nimeazima moja kwa Wavinya. Nyingine ilikuwa imeanikwa. Moja yatosha, glavu ni mapacha. Nimeilaza juu ya katoni, nikaizungushia penseli, nikakata. Nikaibandika katoni ukutani, nikapaka rangi. Mkono! Nikaisogeza, nikapaka tena. Mkono wa pili! Vidole kumi, nimevihesabu mara tatu. Nikakaa chini kuutazama ukuta, na kwa kweli machozi yalinitoka.

Nimeufunika kwa turubai, Kalekye asije akaiga.

Jumapili, 8 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Watu tele. Mama mstari wa mbele, na kilemba chake cha kanisani. Bwana Shamir akavuta turubai. Vigelegele! Mama akafuta macho. Kisha mchezaji mmoja wa ile timu iliyoshindwa, huku akila karanga, akapaza sauti: "Ai! Si hiyo mikono zote ni za kushoto?"

Umati mzima ukainua mikono yake, ukaanza kulinganisha vidole gumba. Hata pasta. Wavinya alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Bwana Shamir hakucheka. Kalekye akaomba burashi, akaurekebisha mkono wa pili mbele ya kadamnasi, dakika tano. Akapigiwa makofi kuliko mimi.

Mama aliwafokea waliocheka. Aliwaambia wao hata huo wa kushoto hawawezi kuuchora. Nilimpenda sana wakati ule. Tulipokaribia nyumbani akaniuliza kama nina gambuti.

Jumatatu, 9 Juni

Buchari. Saa kumi na mbili asubuhi! Nimebeba nusu ya ng'ombe begani na bado nanuka. Kalekye amepita kuniambia nafasi yangu ya kufundishwa bado ipo, Jumatano. Nikamwambia nina shughuli.

Na ni kweli. Ukuta wa mjomba ni mweupe, mtupu, unatazama barabara kuu! Nimembembeleza mchana kutwa mpaka amekubali. Nitamchorea fahali, mkubwa, golini, akidaka mpira. Ng'ombe hana mikono, kwa hivyo hakuna wa kunikosoa. Nitamvika glavu tu, mbili.

Ile katoni bado ninayo.