Faili la Nyonga

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimefunga na kusali. Kampuni yetu ya bima ya afya inatafuta mkurugenzi wa sheria, na wanaowania ni wawili. Wakili Mkuu, binti yangu wa hiari, miaka kumi na tano kwenye madai ya wagonjwa na hajawahi kunipita bila kuniamkia. Na Bwana Tai, mwenye tai ya kila siku ya juma. Huyu ananiita "masijala", kana kwamba mtunza mafaili naye ni kabati. Usaili Ijumaa. Mungu ana kazi nyingi. Nimeamua kumpunguzia.

Jumanne, 5 Machi
Njia imepatikana! Mwalimu mmoja mstaafu anaomba kubadilishiwa nyonga. Faili lake liko mezani kwa Bwana Tai, na kesho linatimiza siku thelathini. Kwetu dai lisipojibiwa ndani ya siku hizo huhesabiwa limekubaliwa, na wakili aliyelala hujieleza mbele ya wakubwa. Nikamwambia Bwana Tai nalichukua kulibandika lebo mpya. Hakuinua hata macho. Sasa limelala nyuma ya kabati. Mungu anisamehe. Ila mzee wa watu atatembea, kwa hiyo dhambi yenyewe ni nusu.

Alhamisi, 7 Machi
Tangu jana faili linatafutwa. Nimetafuta na wenzangu, kwa bidii kuliko wote. Saa tano kapita Bwana Tai anapiga mluzi. Nikamuuliza dada wa mapokezi, mbona aliyepotelewa na faili ana raha ya bwana harusi? Akanishangaa. Faili si la Bwana Tai, alikuwa ameliazima tu alisome. Bosi alimkabidhi Wakili Mkuu wiki iliyopita, makusudi, ampime kabla ya usaili. Nikakimbilia kitabu cha mafaili. Kweli! Limeandikwa kwa jina la binti yangu, na mwandiko ni wangu. Siku zimeshapita. Nimekaa kwenye ngazi.

Ijumaa, 8 Machi
Bwana Tai alikaa kwenye usaili saa nzima. Binti yangu dakika saba. Cheo kimekwenda kwenye tai. Jioni nikaingia ofisini kwa binti yangu, nikafunga mlango, nikaungama yote. Kumbe aliwaambia wakubwa faili lilipotea mikononi mwake. Hakunitaja. Akanivutia kiti.
"Mama," akasema, "nakuomba kitu kimoja tu. Usinisaidie tena."
Nimelia mpaka kituo cha basi. Unyenyekevu wa mtoto yule!

Jumatatu, 11 Machi
Nimekuta nakala ya barua kwenye mashine ya fotokopi. Wakili Mkuu ameomba kazi kampuni nyingine ya bima! Wanataka barua ya bosi wake kumdhamini. Atamwombaje, na aibu hii? Nikakaa nikaiandika mwenyewe. Kurasa mbili za sifa tupu. Nimeeleza na kisa cha faili, kinaganaga, wasije wakakisikia vibaya kwa watu. Sahihi ya bosi naijua, miaka ishirini naiona. Nimesali, nimeituma. Binti yangu sijamwambia neno. Aliomba asisaidiwe, na mimi, namshukuru Mungu, ni mtu wa kuheshimu maombi ya watu.