Meza ya Mkaguzi wa Baiskeli

Jumanne, 3 Juni

Barua imefika asubuhi. Chama cha Wasafiri wa Baiskeli kinachapisha ramani mpya ya njia ya mfereji, ile ya kilomita sitini bila gari hata moja, inayopita hapa kijijini Brémancy. Kila kijiji kitachorewa alama ya uma na kisu mahali pamoja tu. Mahali pamoja! Na ramani itatumika miaka kumi. Mkaguzi atapita wiki hii au ijayo, bila kujitambulisha.

Brémancy ina mikahawa miwili. Wangu, aliouanzisha marehemu baba, upande huu wa mfereji. Na wa Odette Chamoreau, ng'ambo ya daraja, ambaye kaanza juzijuzi tu, mwaka 1998. Viti vyake kila kimoja na rangi yake. Sina la kuongeza.

Mke wangu Ghislaine kaisoma barua mara mbili. Kasema amechoka kuwapikia wazee wanne walewale na mbwa wao. Tusipoingia kwenye ramani safari hii, anavua aproni na kwenda kupika penye walaji. Nikamwambia atulie, nina mpango. Akauliza kama ni mpango wa aina ya ule wa konokono. Wale konokono niliowafuga ili tuwapike walitoroka kwa sababu ya mvua.

Jumatano, 4 Juni

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Waendesha baiskeli wanafuata nini huku kwetu? Utulivu. Barua imelitaja neno hilo mara tano. Basi mwenye utulivu mwingi ndiye atakayeshinda. Nikaketi nje na kalamu, nikaorodhesha kelele zote za upande wangu. Jogoo wa Maurin. Trekta ya Maurin. Maurin mwenyewe.

Maurin ni mkulima, jirani yangu, na mmoja wa wale wazee wanne. Nikamwomba amhamishe jogoo. Akasema jogoo ni wa kijiji kizima. Nikasema vizuri, basi akakae upande mwingine wa kijiji. Glasi ya tatu ya divai nyeupe ikamlainisha. Mchana tukamvusha jogoo daraja ndani ya kapu, tukamzawadia Odette. Nilijua atawika, mkaguzi azibe masikio, mchezo uishe. Odette kampokea kwa mikono miwili na kushukuru. Hakuuliza kitu. Sipendi watu wasiouliza kitu.

Jioni nimepaka rangi ubao mkubwa: UTULIVU. Nimeusimamisha barazani. Halafu nimechagua meza bora, ile ya dirishani inayotazama maji, nikaitandika kitambaa cheupe na kuweka kibao: IMESHACHUKULIWA. Ni ya mkaguzi. Hataikalia mtu mwingine.

Ijumaa, 6 Juni

Nimekasirika sana. Waholanzi wanane walikuwa wanaegesha baiskeli zao mlangoni kwangu. Mlangoni kwangu! Jogoo akawika kule ng'ambo. Wakatazamana, wakachekelea, wakavuka daraja wote kwenda kumpiga picha. Wakala huko. Wakanywa huko. Mmoja aliimba.

Maurin kaja kunipa habari zaidi, bila kuombwa. Odette kampa jogoo jina. Anamwita Anselme.

Anselme ni mimi.

Jumapili, 8 Juni

Mpango wa pili. Njia inapogawanyika, kabla ya daraja, pana mshale wa mbao unaoonyesha uwanja wa kijiji, yaani upande wa Odette. Baada ya misa nikapita hapo kama mtu anayenyoosha miguu, nikauzungusha. Kidogo tu. Sasa unaonyesha baraza yangu.

Saa tisa wakaja. Si baiskeli. Ni bendi ya matarumbeta ya Sauvelle, watu ishirini na sita, walioalikwa na meya kupiga uwanjani kwa sikukuu ya Pentekoste. Wamefuata mshale. Nilipowaambia wamepotea, kiongozi wao akanionyesha mshale, akasema mshale haudanganyi, na kwamba vijana wake wamechoka na jua. Wakapiga saa mbili mfululizo chini ya ubao wangu wa UTULIVU. Mwenye ngoma kubwa alikuwa ameuegemea. Na chakula walikuja nacho.

Meya kaniuliza kama najua ni nani kageuza mshale. Nikasema vijana wa siku hizi hawana adabu.

Jumanne, 10 Juni

Siku ya sita meza inangoja. Leo padri aliitaka, nikamkatalia. Bwana na bibi harusi kutoka Lyon waliitaka, nikawaweka karibu na choo. Ghislaine kauliza kama hiyo meza siku moja itaagiza chakula. Wanawake hawaelewi maandalizi.

Mkaguzi mimi nitamtambua tu. Mwanamume, umri wa hamsini hivi, mwembamba, kaptura ya kubana, helmeti, saa kubwa mkononi, uso wa mtu asiyecheka. Nimewaeleza wazee wanne wamwangalie. Maurin kasema niliyemtaja ni daktari wa meno wa Sauvelle.

Alhamisi, 12 Juni

Mkaguzi hajaja. Badala yake nimepatwa na udhia, nauandika ili ujulikane.

Saa nane na dakika saba mchana. Narudia: na dakika saba. Kaja mama wa miaka sabini hivi, baiskeli ya kijani, kikapu mbele, ndani ya kikapu mbwa mdogo mwenye jicho moja. Kanisalimu vizuri, kauliza kama kuna chochote kilichobaki cha kula, ametoka mbali.

Jiko langu linafungwa saa nane kamili. Baba alilifunga saa nane kamili miaka arobaini. Siku mkuu wa mkoa alipochelewa robo saa, baba alimwacha aende na njaa yake, na kijiji kizima kilimheshimu. Nikamweleza mama yule hayo yote, taratibu.

Ghislaine akatoa kichwa kwenye dirisha la jikoni. Akasema, "Anselme, kuku yupo, nusu nzima, na bado wa moto."

Nikamwambia kuku yupo, ila jiko limefungwa.

Mama akasema hata mkate na jibini vingemtosha. Nikamfahamisha kwamba mkate na jibini ni chakula, na chakula kinatoka jikoni. Akauliza basi kama anaweza kukaa tu pale dirishani, apumzike, ale tofaa lake mwenyewe. Viti vingine nilikuwa nimeshavipandisha juu ya meza nifagie. Nikamwambia hapana, mama yangu, samahani sana, meza ile ni ya mgeni wa maana.

Akauliza mgeni huyo anakuja lini. Nikasema wakati wowote. Akauliza, "Na akija saa hizi?" Nikacheka. Nikamwambia mtu wa hadhi ile anajua saa za kula. Nikamshauri na yeye, kwa nia njema, kwamba msafiri mwenye adabu huipanga siku yake kwa kufuata saa ya chakula cha mchana. Akashukuru. Akatoa kijidaftari, akaandika kitu. Nadhani ni ushauri wangu.

Halafu akavuka daraja. Saa nane na robo Odette alikuwa anamkaangia kimanda, mchana kweupe, watu wanaona. Ng'ambo kule hakuna haya. Hata mbwa kapewa sahani yake.

Ghislaine kampa Maurin yule kuku.

Jumatano, 18 Juni

Alama ya uma na kisu kapewa Odette.

Barua imetiwa saini na Bi Hortense Trémolet, mkaguzi. Chini kaongeza kwa mkono wake: kimanda kilikuwa kizuri, jogoo ni wa kupendeza, na asante kwa ushauri juu ya saa ya chakula cha mchana. Meza ya dirishani ilionekana nzuri sana. Pole kwamba ilikuwa imeshachukuliwa.

Nimeisoma mara sita. Huu ni ulaghai! Mtu anakujia na kikapu na mbwa wa jicho moja, hasemi yeye ni nani, halafu anakuhukumu. Angetamka neno moja tu ningemwekea hata maua. Ghislaine kanikumbusha kwamba barua ya kwanza ilisema hatajitambulisha. Kutojitambulisha ni sawa, lakini huko kulikuwa kujificha.

Nilitegemea Ghislaine atafoka. Hakufoka. Kaondoa kibao, kakaa kwenye ile meza ya dirishani, mtu wa kwanza kuikalia tangu tuitandike, kala supu yake polepole akitazama maji. Halafu kaniambia, "Nakupa mpaka mwisho wa mwezi." Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema chumvi imekwisha. Niliogopa. Miaka thelathini na moja tumekaa pamoja, sijawahi kuisikia sauti ile.

Nimeandika rufaa. Kurasa nne. Nimemtaja baba, mkuu wa mkoa, na jogoo anayetumia jina la mtu bila ruhusa. Ghislaine naye kaandika ukurasa wake na kuutia kwenye bahasha ileile. Hakunionyesha.

Jumanne, 24 Juni

Tumeshinda!

Bi Trémolet kajibu. Ramani bado haijapelekwa kuchapishwa. Juu ya kurasa zangu nne hakusema neno, bila shaka zimemzidi nguvu. Kasema tu barua ya mke wangu, pale alipoeleza kuku wake anavyompika na uyoga tangu alfajiri, imemtia njaa. Atarudi. Atakula kitakachokuwepo, na kikiwa kama kilivyoandikwa, alama itahamia kwetu.

Ghislaine kaisoma kasimama. Kashika shavu langu kwa mkono wenye unga. Kaingia jikoni anaimba, na huyu mwanamke hajaimba jikoni tangu konokono. Akaanza kuandika: kuku wawili, uyoga, malai, maganda ya limau. Nilimtazama kutoka mlangoni na moyo wangu ukafurahi kweli, sifichi.

Ndipo nikaitazama tarehe. Anakuja tarehe thelathini, saa sita mchana.

Tarehe thelathini ni Jumatatu.

Jumatatu tumefunga. Jumatatu tumefunga tangu enzi za baba. Sote tunajua, kijiji kinajua, hata wale wazee wanne siku hiyo wanakaa kwao na mbwa wao. Mtu anayekagua mikahawa hajui Jumatatu ni nini? Kwanza saa nane na dakika saba, sasa Jumatatu. Huyu mama ananijaribu.

Nimewahi gari la posta likiwa bado halijaondoka. Nimemjibu kwa heshima zote: tumefurahi, tumeheshimika, ila siku hiyo tumefunga, achague nyingine, na afike kabla ya saa nane. Barua ya rejista, ili asije akasema hakuipata.

Nikamweleza Ghislaine. Nikamwambia taratibu ni taratibu. Kafungua fundo la aproni, kaikunja mara nne, kaiweka juu ya meza ya dirishani. Kachukua kisu chake kizuri na daftari lake la mapishi. Kavuka daraja. Hakugeuka nyuma.

Sasa ni saa tisa alasiri. Kutoka hapa namwona kwenye dirisha la Odette, anapasua mayai. Saa tisa! Waholanzi wengine wamejaa kwenye vile viti vya rangi rangi. Jogoo anawika, na kila akiwika mtu mmoja kule anaita jina langu na wote wanacheka.

Atarudi, hasira zikimwisha. Kwa sasa nitapika mwenyewe. Sijui kupika, lakini hilo si hoja, ni mambo ya kujifunza. Nimeiondoa aproni mezani, nimenyoosha kitambaa, nimerudisha kibao mahali pake.

Na ikiwa posta itazembea, barua isimfikie Bi Trémolet, nimejipanga. Jumatatu saa sita kamili nitakuwa mlangoni, nimevaa tai, ili nimwambie mwenyewe kwamba tumefunga.