Rangi ya Gari la Kwenda Kondoa

Jumapili, 3 Agosti

Zaitun anakuja! Ameandika mwenyewe. Nilisoma ujumbe huku chai iko jikoni, na chai ikamwagika mpaka ikazima jiko. Sikujali. Anakuja kwenye maonyesho ya Nanenane, Nzuguni, pamoja na madume ya ng'ombe ya chuo anachofanyia kazi kule Mpwapwa. Jumamosi anataka kwenda Kondoa kumwona mama yake. Anauliza kama lile gari nililomsimulia bado lipo.

Lipo! Nilijibu kabla sijameza mate.

Miaka mitatu sasa. Alipopata kazi Mpwapwa nilimwambia nitamfuata baada ya mwezi. Tatizo ni kwamba kila mwezi nilikuwa na mpango mkubwa zaidi wa kumfuata nao. Nifike na duka. Nifike na nyumba. Nifike na suti. Sikufika na chochote. Sikufika kabisa. Mpwapwa si mbali, basi linafika mchana wa siku hiyohiyo, na mimi bado natoa fotokopi hapa Dodoma, pale Makole, na kutazama njia.

Sasa nina gari. Nililinunua wiki sita zilizopita kwa bwana mmoja wa Msalato, aliyeapa kwamba mmiliki wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, mama mtulivu, akiliendesha Jumapili tu. Nilimwambia Zaitun ni jeusi, halina hata mkwaruzo, na unajitazama mlangoni kama kwenye kioo. Mwenyewe sijawahi kujitazama mlangoni. Vumbi la Agosti haliruhusu. Nalifuta kila asubuhi kwa kitambaa kikavu, saa moja baadaye limerudi lilivyokuwa.

Mpango: nitalisafisha kwa mikono yangu, kitaalamu, kwa hatua zote. Nimetazama video saba.

Yoramu, jirani wa chumba cha pili, yule anayefanya kazi kwenye ofisi za serikali Mtumba, amemuuliza mama mwenye nyumba kama ni kweli yule dada wa Kondoa anarudi. Anauliza ya nini? Nimepiga mstari chini ya jina lake.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekwenda kwa Mzee Gulamrasul, muuza vipuri na rangi za magari mjini. Nilimwamkia vizuri. Akaniuliza gari la mwaka gani. Nikamwambia. Akavua miwani.

Alinishauri nilioshe kwa sabuni na maji, nilikaushe, niishie hapo. "Gari la umri huo, mwanangu, ukilisugua sana litaanza kusema."

Nikamwambia langu halina la kusema, lilikuwa la mwalimu.

Alitikisa kichwa, lakini aliniazima mashine ya polishi, ile yenye sifongo la kuzunguka. Akauliza ni kwa ajili ya harusi? Nilisema iko karibu. Sijui kwa nini nilisema karibu. Mzee alifurahi sana, akanipa taulo mbili za bure na kuniombea dua. Nilitoka dukani nikiwa karibu kuwa bwana harusi. Nilijisikia vizuri mpaka mzunguko wa barabara.

Jumanne, 5 Agosti

Leo kuosha. Nilimwomba Mama Ruthu, mwenye nyumba, maji ya pipa. Alisema chukua kidogo, baba. Nimemaliza pipa. Maji yalitoka mekundu mara ya kwanza, mekundu mara ya pili, na mara ya tatu rangi ya chai.

Kisha jua likapiga. Gari si jeusi! Ni la kijani. Kijani kilichokolea, lakini kijani. Kadi ya gari imeandika kijani tangu siku ya kwanza, nilidhani karani alikosea.

La pili ni baya zaidi. Boneti nzima ina mikwaruzo ya duara, myembamba, maelfu, kama utando wa buibui. Ukisogea inasogea nawe. Nilipiga kelele. Yoramu akatoka na mswaki mdomoni, akainama, akauliza kwa upole nimekuwa nikilifutia nini. Nikasema kitambaa. Kikavu? Kikavu. Juu ya vumbi? Juu ya vumbi.

Akasema vumbi la hapa ni mchanga, jirani, umekuwa unalipiga msasa kila asubuhi kwa wiki sita.

Nilimwambia ndivyo wanavyofanya Ulaya.

Zaitun ameandika kuuliza barabara ya Kondoa ikoje siku hizi. Nimemjibu barabara ni nzuri, yeye alete shali tu, asubuhi kuna upepo wa baridi. Akajibu: "Bado unakumbuka nasikia baridi." Nakumbuka! Nakumbuka hata kikohozi chake. Nilikaa ndani ya gari la kijani na simu mkononi mpaka Mama Ruthu akaja kuuliza pipa lake.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya mashine. Nilianza na boneti, polepole, kama kwenye video. Baada ya nusu saa ule utando ulipotea. Uliyeyuka! Niliona mawingu. Niliona uso wangu, na ni uso mzuri kuliko nilivyofikiri. Nikamwona Zaitun ameketi kiti cha mbele, kioo kimeshushwa, Msalato inapita, miti inapita, yeye anacheka kwa kitu nilichosema. Nini? Bado sijakitunga.

Ningeishia hapo. Mtu mwenye akili angeishia hapo.

Nikaenda mlango wa kulia. Mashine ilipopita, rangi ilitoka kama unga. Chini yake kuna kijani kingine, kijani cha mboga. Nilibandua sumaku ya friji ya Mama Ruthu, ile yenye umbo la nanasi, nione kama chini kuna chuma. Mlango wa kushoto, nanasi limeng'ang'ania. Mlango wa kulia, nanasi limeanguka. Nikajaribu nyuma. Limeanguka. Nimeokota nanasi mara kumi na moja kuanzia taa ya mbele mpaka ya nyuma.

Nilimpigia Mzee Gulamrasul. Alikuja mwenyewe, akagonga bodi kwa kidole kilichokunjwa. Upande mmoja uliita ko, ko. Upande wa pili uliita bu. Akasema hii yote ni pati, ule udongo wa mafundi wa kujazia mabonde, na kwa unene huu gari lililala ubavu mahali fulani. Nikamuuliza mwalimu mstaafu anawezaje kulilaza gari ubavu. Mzee akaniwekea mkono begani. Kisha akaniuliza bibi harusi anatoka wapi. Sikuwa na nguvu ya kumrekebisha. Nilisema Mpwapwa.

Alipoondoka nikapiga polishi mlango wa kushoto, ule wa nanasi, nikiamini huo hauna siri. Zikatokea herufi. Kwanza J. Nikasugua zaidi ili iondoke. Ikaja I. Kumbe stika zilikaa hapo miaka, jua likachoma rangi pembeni, na chini ya herufi rangi imebaki mbichi. Kadiri nilivyong'arisha ndivyo zilivyosomeka. Kufikia alasiri zimekamilika:

JIFUNZE UDEREVA HAPA

Na namba ya simu, tarakimu zote.

Alhamisi, 7 Agosti

Sikwenda kazini. Mpango mpya, mzuri kuliko wa kwanza: dawa ya viatu. Nyeusi, makopo manne. Inaziba herufi, inaziba kijani cha mboga, na gari linakuwa jeusi kama nilivyosema! Nilipaka mlango wa kushoto, nikapaka upande wote wa kulia. Kufikia saa tano lilikuwa zuri sana. Nilipiga picha, nikamtumia Zaitun. Akajibu: "Mashallah."

Saa sita upepo ulianza. Upepo huu naujua tangu nihamie Dodoma, sijui kwa nini nilimsahau adui wa kila siku. Ulizoa barabara yote ukaileta kwenye gari langu, na dawa ya viatu haikukataa hata chembe. Gari limeota manyoya. Ni kama andazi bichi lililoanguka mchangani. Nilijaribu kufuta, nikapata matope. Nilijaribu mafuta ya alizeti. Sitaki kuandika kuhusu mafuta ya alizeti.

Jioni Yoramu alikuja. Alisema Jumamosi yuko huru, gari lake ni zima, anaweza kutupeleka sote wawili Kondoa, sisi tukae nyuma tuzungumze. Alisema taratibu, bila kucheka. Ndio ujanja wake! Nikamjibu ahsante, gari langu liko kwenye matibabu ya rangi, manyoya ni sehemu ya matibabu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwona.

Nilipanda bajaji mpaka Nzuguni, nikapenya kati ya watu, matrekta na muziki. Alikuwa ndani ya zizi la maonyesho, amevaa koti la kazi na mabuti ya mpira, ameshika kamba ya dume jekundu kubwa kuliko meza yangu ya fotokopi. Alikuwa anawaeleza wanafunzi jinsi ya kumkagua ng'ombe: unapitisha mkono, usiamini macho, ngozi inaficha mengi. Dume lilitulia kwake kama mtoto. Na mimi pia ningetulia. Nilisimama nyuma ya wanafunzi na kusikiliza somo lote.

Alinigundua. Hakukimbia, hakupiga kelele. Alitabasamu tu, akanyoosha mkono, akaurudisha kwa sababu ulikuwa na kinyesi.

"Umekonda, Halfani."

"Kazi nyingi," nilisema. Sina kazi nyingi.

"Gari liko wapi?"

"Kwenye maegesho ya wageni maalumu."

Akaniangalia kidogo. Akasema amefurahi kwamba atasafiri na mimi, kwa sababu kuna jambo anataka kuniambia njiani, hawezi kulisema mbele ya ng'ombe. Moyo wangu ulianguka kama lile nanasi.

Nimerudi na kuosha gari kwa sabuni ya unga. Dawa ya viatu imetoka yote. Kijani kimerudi, mboga imerudi, herufi zimerudi. Zinang'aa.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa Kondoa, nimeegesha kando ya soko.

Mpango wa asubuhi ulikuwa rahisi: aone mbele tu. Boneti ni safi. Nilifika alipofikia, nikaelekeza pua ya gari mlangoni kabisa, nikatoka mbio kumpokea begi. Lakini Zaitun hapandi kitu bila kukizunguka. Alipitisha mkono upande wa kulia wote, kama kwa lile dume.

"Huyu alivunjika mbavu," alisema. "Waliomuunga walijitahidi."

Akaenda kushoto. Akasoma. Nilimwona akisoma. Alianza kucheka, kile kicheko nilichokisubiri miaka mitatu, na kama ningenyamaza dakika moja tu! Nafasi ilikuwa wazi kabisa ya kusema: Zaitun, nilidanganywa, nami nikakudanganya.

Nikasema, "Ndiyo, ni shule yangu. Nilitaka kukushtukiza."

Kicheko kikakatika. Akauliza, shule yako? Nikasema ina magari matatu.

Tuliondoka. Tulipofika Msalato akatoa simu. Alikuwa ameikariri namba ya mlangoni. Akaweka sauti ya juu. Mwanamume akapokea, akasema karibu shule ya udereva. Zaitun akamwomba mkurugenzi, Bwana Halfani. Yule mtu akasema hapa hakuna Halfani. Akauliza gari la kijani? Akasema waliliuza tangu mwanafunzi alipoliingiza korongoni, na akaomba, kwa heshima zote, anayeliendesha afute namba yao.

Zaitun akamshukuru. Akajifunika shali.

Kumbe Kondoa ni kilomita nyingi sana. Sikujua.

Nje ya kwao alishuka, akaniinamia dirishani. Hakuwa na hasira. Hasira ningeiweza.

"Nimeomba uhamisho kuja Dodoma," alisema. "Ndilo jambo lenyewe. Nilitaka nikuulize kama nije."

"Njoo!"

"Nije kwa nani, Halfani? Ningepanda hata kama lingekuwa na magurudumu matatu. Ungeniambia tu."

Akasema siku nitakayokuwa na neno moja la kweli, nimwandikie. Hata fupi. Akaingia ndani. Mama yake alichungulia pazia, nikamwamkia kwa mkono, pazia likarudi.

Jumapili, 10 Agosti

Nimerudi Dodoma peke yangu. Kiti cha pembeni kina unywele wake mmoja. Sijaufuta.

Nimeandika ujumbe tangu asubuhi. Mwishowe huu:

"Zaitun, sina shule. Gari ni bovu na nilijua. Nakaa chumba kimoja. Nakukumbuka kila siku."

Niliusoma. Hauna kitu ndani. Hauna hata mpango. Niliutuma nimefumba macho, nikaweka simu chini ya mto na kukaa juu ya mto.

Saa nane amejibu: "Ahsante kwa kuniambia. Kumbe unaweza."

Nimeusoma mara arobaini! Nimetoka nje nikamwambia Mama Ruthu, nikamwambia hata Yoramu, naye akanipa mkono na kusema amefurahi kweli. Labda nilimwelewa vibaya. Dakika tano baadaye ukaja mwingine: anasema akihamia Dodoma atahitaji kuzoea, kule amezoea kuamka na mifugo, mjini kutakuwa kimya mno.

Ningefanyaje? Mtu anasema anakuja! Mtu anaogopa ukimya! Vidole viliandika vyenyewe. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, hapa ninapokaa kuna uwanja mkubwa nyuma na nafuga mbuzi.

Akauliza wangapi.

Nimesema wanne, mmoja ana mimba.

Amesema ataomba ruhusa aje kumkagua Jumamosi.

Kesho alfajiri niende mnada wa mifugo. Wanne. Mmoja mwenye mimba. Kwanza nimuulize Mama Ruthu, kwa upole, kama ule ukuta wa nyuma ni lazima uwe pale ulipo.